Fildi ya kwanza isiwe na maksi: mnasemaje?

Wakuu, wanafunzi wa vyuo wakianza kuzunguka maofisini na barua za kuomba fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, huwa najiuliza: wanakwenda kuijua kazi au kutafuta mhuri? Kwa jinsi tunavyoiendesha sasa, naona wengi wanatafuta mhuri. Ninapendekeza fildi ya kwanza, ya mwishoni mwa mwaka wa kwanza, isiwe na maksi kabisa, na mwanafunzi aende popote anapotaka kupajua, hata kama hapahusiani na kozi yake. Ile ya pili ibaki kama ilivyo.

Mimi nilisoma sheria. Nilitoka HGL (Historia, Jiografia na Lugha) kidato cha sita na matokeo mazuri, na nyumbani wakaona hapo hakuna mjadala, huyu ni wakili. Hakuna aliyeuliza kama nimewahi kukanyaga mahakamani. Fildi nilifanya katika mahakama moja ya wilaya: wiki nzima nzima za kubeba majalada, kutoa kopi, kupanga kabati. Msimamizi kutoka chuoni alikuja mara moja, akakaa dakika kumi, akasaini, akaondoka kuwahi wenzangu mji wa pili. Nikapata A.

Kilichonisaidia hakikuandikwa popote. Karani wa masjala, mama mtu mzima, aliniambia nikitaka kuujua uwakili nisikae ndani, nikakae koridoni. Nikakaa. Nikawaona mawakili wamefika saa tatu asubuhi wakisubiri hadi mchana, kesi inatajwa, inaahirishwa, mteja analia, wakili anapanda daladala kurudi ofisini. Wengine waliipenda ile hekaheka, ilionekana machoni. Mimi ilinichosha siku ya nne. Lakini niligundua kwamba mikataba iliyokuwa ndani ya yale majalada naisoma bila kuchoka, na leo ndiyo kazi yangu. Nilijua hayo mwaka wa tatu, tena kwa bahati ya kukutana na mama yule.

Mnakumbuka matokeo ya mwaka 2022 ya Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, wanakopita wahitimu wa sheria kabla ya kuwa mawakili: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Ikaundwa kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na sisi wengine tukagawana lawama, hawa wakisema taasisi inakaza mno, hawa wakisema vyuo vinapika wahitimu wabovu. Swali langu lilikuwa jingine na bado linaniuma: wangapi kati ya wale 265 walioshindwa kabisa waliwahi kupewa nafasi ya kuionja kazi hiyo kabla ya kuitolea miaka yao?

Najua yatakayosemwa. Kwamba bila maksi kijana atakwenda kwao akalale. Wapo watakaolala, sikatai. Ila hata sasa wapo wanaolala na logibuku, yale madaftari ya kuandika kazi ya kila siku, zinajazwa usiku mmoja, mhuri anagonga mjomba.

La mjomba ndilo zito zaidi kwangu. Nafasi za fildi kwenye ofisi zinazotamaniwa zinakwenda kwa wenye ndugu humo. Mtoto wa mkulima kutoka Namtumbo anayesoma uhasibu anazunguka Dar mwezi mzima na barua mkononi, anaishia kupokelewa mahali asipopewa hata kiti. Kama angeruhusiwa kukaa na mnunuzi wa ufuta au kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ya kijijini kwao, angeona vitabu vya hesabu halisi, madeni halisi na watu wanaogombana juu ya mizani. Arudi na kurasa tatu tu: siku ya kazi ile ikoje, anayeifanya alipitia wapi, ni kipi asingekivumilia.

Hoja ninayoiogopa ni ya madaktari na wauguzi, kwamba wodi si mahali pa kuja kutazama. Hapo sina jibu kamili, na kwa kozi hizo niko tayari kurudi nyuma.

Wahadhiri mliomo humu, kinachowazuia ni kanuni za chuo au ni hofu ya mwanafunzi kugundua kwamba kozi yenu haimfai? Na ninyi mnaopokea vijana wa fildi maofisini: akija wa mwaka wa kwanza asiyejua lolote ila ana maswali, mtampa kiti?