Paka kanizalia kwenye sanduku la kanga

BiTanga: Habarini wapendwa. Juzi natoka sokoni nakuta paka kajifungulia juu ya doti yangu mpya. Watoto wanne, mmoja rangi ya tangawizi. Macho bado yamefumba. Niwahamishie kwenye boksi jikoni? Na maziwa ya ng'ombe niwape? Mume wangu ananiita mkunga.

Mzee_wa_Kahawa: Usiwape, bibie, yatawaharisha. Mlishe mama yao, dagaa na maji ya kutosha, maana yeye ndiye anayenyonyesha. Macho hufunguka kati ya siku 7 na 14.

chumba_na_sebule: Mimi niliwahamisha wa kwangu. Usiku mama kawabeba mmoja mmoja kwa ukosi, akawapeleka darini. Wiki nzima nalala nasikia vishindo juu ya kichwa! Waache hapo hapo. Doti isahau.

BiTanga: Haya, nimeisamehe. Ilikuwa ya harusi ya Jumamosi, nitavaa ya zamani. Ila huyo wa tangawizi, jamani! Haoni kitu, lakini nikifunua sanduku tu anafoka kama andazi lililotiwa kwenye mafuta ya moto.