Klozapini na kuacha sigara: dozi ibaki ileile?

Swali: Dada yangu anatumia klozapini, dawa ya ugonjwa wa akili, miligramu 300 kila usiku, na alikuwa ametulia. Majuzi kaacha sigara, tukashangilia. Sasa anasinzia mchana kutwa na mate yanalowesha mto. Ni dawa, au mwili unadai sigara?

Jibu: Mpigie daktari wake leo, usingoje tarehe ya kliniki. Moshi wa sigara huchochea vimeng'enya vya ini vinavyoivunja klozapini. Moshi ukikoma, dawa hupanda kwenye damu ingawa dozi ni ileile, na ikizidi sana huweza kuleta degedege. Viraka vya nikotini havizuii hilo, maana kinachofanya kazi hiyo ni moshi, si nikotini.

Jibu: Nami naimeza hiyohiyo. Msimpunguzie wenyewe wala msiikatishe: zikipita zaidi ya saa 48 bila dawa, huanzishwa upya kwa miligramu 12.5. Akipata homa au koo likimuuma, chembe nyeupe za damu zipimwe siku hiyohiyo, maana dawa hii huweza kuzishusha. Na muulizeni kuhusu choo, kufunga kwake ni hatari. Atakasirika (mimi hukasirika), muulizeni tu.

Muuliza: Kasema hajaenda siku kadhaa! Nampigia daktari sasa hivi.