Baiskeli ya mlima ya zamani, shoku mbele na nyuma: nianzie wapi?

Mwembe_Mwitu
Salaam wadau. Nina baiskeli ya mtumba ya miaka ya 1990, shoku mbili. Fremu ni alumini, stika zimebambuka hata chapa haisomeki. Foku ni RockShox Judy ya manjano. Shoku ya nyuma ni ya springi, imeandikwa 550 x 1.5, na oili imechuruzika yote. Nikishika kiti, gurudumu la nyuma linacheza kushoto kulia. Nguzo ya kiti imeganda, haitoki wala haizunguki. Rimu 26, breki za V, gia 8 nyuma. Nina kilo 78. Nataka kuipanda, si kuitundika ukutani. Nianze na nini?

Spana13
Anza na nyufa, kabla hujatoa hata shilingi. Vua magurudumu, osha fremu kwa sabuni, kausha, kisha kagua sehemu nne: chini ya bomba la hendeli palipochomelewa, pale shoku inaposhikilia fremu, kiungo kikuu nyuma ya pedali, na daraja dogo la mkono wa nyuma (sehemu inayoshika gurudumu la nyuma) karibu na tairi. Ukitilia shaka mstari, paka mafuta ya taa, ngoja robo saa, pangusa pakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki ya shule. Kama ni ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatarudi juu na kuchora mstari wa maji maji kwenye chaki. Mkwaruzo wa rangi hauchori kitu.

Ukikuta ufa, basi. Usiipeleke kwa welda. Alumini ya fremu nyingi za enzi hizo imepikwa ili iwe ngumu. Ukiichomelea, kando ya mshono hulainika, na bila kupikwa upya hukatika palepale pembeni. Vipuri vyake vitafaa fremu nyingine.

Nyali_Kreni
Kuhusu kucheza: usinunue beringi bado. Shika rimu kwa mkono mmoja na mkono wa nyuma wa fremu kwa mwingine, tikisa. Kama rimu inacheza na mkono umetulia, ni koni za habu, kazi ya spana mbili nyembamba. Kama mkono wa nyuma nao unacheza dhidi ya fremu, ndiyo viungo.

Fungua kiungo kimoja kimoja na upige picha kabla; mpangilio wa washa hutofautiana kushoto na kulia. Utakuta bushi za plastiki au beringi. Beringi zina namba ubavuni: 608 ni 8x22x7, 6900 ni 10x22x6, 6000 ni 10x26x8. Usiulizie "beringi za baiskeli ya zamani", taja namba kwenye duka lolote la beringi za magari na mota. Hakikisha imeandikwa 2RS, yaani mfuniko wa raba pande zote mbili. ZZ ina kifuniko cha bati, na kwa hewa yetu ya chumvi itakwaruza mapema mno.

Kutoa: mwagia maji ya moto sana sehemu ile. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hivyo beringi hulegea. Kuingiza: boliti ndefu, nati, washa nene na soketi inayogusa duara la nje pekee. Ukigonga duara la ndani kwa nyundo, umeiua mpya kabla haijatembea.

Kaka_Tudor
Nguzo ya kiti: alumini ndani ya alumini ikikaa pwani bila grisi hufanya unga mweupe, na unga huo ndio unaoshika. Pindua fremu, toa ekseli ya pedali, mimina amonia kwa ndani kupitia chini, iache usiku kucha mahali penye hewa. Amonia huweza kulegeza ule unga; WD-40 peke yake huishia juu juu. Kisha bana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa na uzungushe fremu nzima. Vua mkono wa nyuma KWANZA, ama utapinda viungo kwa nguvu hizo. Mtu akikushauri soda kali, kataa, hiyo hula alumini yoyote, pamoja na fremu.

Ikikataa kabisa, kata nguzo juu, ingiza ubao wa msumeno wa chuma ndani, chana kwa urefu polepole, kisha kunja kipande kwa ndani. Nguzo mpya pima kwa venia (kipimo cha kubana, chenye usahihi wa sehemu za milimita): 27.0 na 27.2 ni vitu viwili tofauti.

Mwembe_Mwitu
Shukran. Nyufa hakuna, chaki imekaa kavu kila mahali. Mkono wa nyuma ndio unaocheza. Shoku, tundu hadi tundu, ni milimita 165. Gurudumu la nyuma linapanda kama milimita 100. Kuna jamaa ana shoku ya 190, nzuri, rahisi. Naweza kuipachika?

Spana13
Usithubutu. Yako husinyaa 38, ndiyo ile inchi 1.5 iliyoandikwa, na ya 190 ni ndefu kwa milimita 25: itainua nyuma, pua ya baiskeli ichimbe chini. Zile 25 za ziada hapo zitakuwa zaidi ya 60 kwenye gurudumu.

Tafuta 165x38. Kampuni ya DNM hutengeneza za 165. Pima pia upana wa vishikilio na unene wa boliti zake, kila upande peke yake, maana juu na chini si lazima vilingane.

Na hiyo springi ya 550, yaani ratili 550 kuisinyaza inchi moja, ni laini kwako. Hesabu: wewe na mzigo kilo 82, nyuma inabeba kama 62%, yaani ratili 112. Zidisha kwa 2.6 (100 gawanya kwa 38), unapata ratili 290 hivi kwenye shoku. Kwa springi ya 550 unazama milimita 13 na zaidi ukikaa tu, yaani thuluthi ya safari ya shoku imekwisha kabla hujagusa jiwe. 650 inakupa karibu milimita 11.5, ambayo ni 30%. Nami ningechukua 650. Usijaribu kuponya springi laini kwa kukaza ile ringi inayoibana kwenye shoku: ukipita mizunguko miwili unainua kiti tu, springi haiwi ngumu zaidi.

Nyali_Kreni
Judy ikifunguliwa utakuta raba za rangi ndani badala ya springi. Kwa joto letu na umri huo huwa zimegeuka gundi. Zikivunjika mkononi, tafuta seti ya springi za chuma, au weka foku mpya ya 26 yenye vishikilio vya breki za V na shingo iliyonyooka ya 28.6. Inayosinyaa milimita 80 inatosha, 100 ndio mwisho. Kila milimita 20 za urefu hulaza bomba la hendeli kama digrii moja, na hiyo fremu haikuundwa kwa mzigo huo wa mbele.

Pwani_Pedali
Kitu ambacho hakijatajwa: cheni. Usiipime baiskeli ikiwa imesimama. Toa springi, sinyaza shoku mpaka tundu hadi tundu ziwe 127, kisha zungusha cheni gia kubwa mbele na kubwa nyuma bila kupitia direila (kibadilisha gia cha nyuma), ongeza vipingili viwili. Ukipima kwa hali ya kawaida, siku utakayotua vibaya kwenye gia hizo cheni itang'oa direila.

Tairi nunua zilizoandikwa 559, yaani kipenyo cha rimu kwa milimita. Baiskeli nyingi za mtumba za Kijapani zina 26 x 1 3/8, ambayo ni 590, haikai kwenye rimu yako hata ukiisukuma kwa bega. Upana wa inchi 2.1 ni saizi nzuri. Kwa tubu weka psi 35 hadi 40, chini ya hapo matumbawe yanakata tubu pande mbili kwa mpigo.

Pa kupanda: vinjia vya Bamburi, Mombasa, kwenye machimbo ya simiti yaliyoanza kupandwa mivinje mwaka 1971. Ardhi pale ina mizizi na majani makavu yanayoteleza, shoku itafanya kazi yake. Ufukweni maji yakipwa mchanga ni mgumu na raha tupu, ila mchanga wa matumbawe ukiingia kwenye viungo ni msasa. Ukirudi, osha kwa maji ya mfereji, bila presha. Maji ya kisima sehemu nyingi hapa yana chumvi, utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi.

Mwembe_Mwitu
Nimeng'ang'ana na kikombe cha ekseli ya pedali upande wa cheni, hakisogei hata kwa bomba refu.

Kaka_Tudor
Unakaza, yakhe. Upande wa cheni uzi wake umegeuzwa: unafunguka kufuata mshale wa saa. Upande wa pili ni wa kawaida.