Vifaa vya kichawi kutoka hadithi za kale: nivipe kanuni gani visivunje kampeni?

MezaYaPembeni
Wakuu, habari za leo. Naendesha kampeni ya D&D toleo la tano, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu. Wachezaji ni wanne, wahusika wako ngazi ya 5: mpiganaji, mwizi, kuhani na mchawi. Panga za "+1" (zinazoongeza moja tu kwenye dadu) zisizo na asili sizitaki tena. Nimechagua vitu vinne, vitatu vya hadithi za Kaskazini ya Ulaya: Draupnir (pete ya mungu Odin), Tyrfing (upanga wenye laana) na Gleipnir (utepe uliomfunga mbwa mwitu Fenrir), pamoja na sindano ya shaba iliyomuua shujaa wetu Fumo Liyongo. Nikiviandika kama vilivyo hadithini, pete na upanga vinaharibu mchezo, sindano haina kazi. Nani atabeba silaha inayoua mtu mmoja tu? Naomba kanuni zenye namba.

Dadu_Ishirini
Mkuu, anza na Draupnir maana hiyo ndiyo itakufilisi. Kila usiku wa tisa inadondosha pete nane zenye uzito sawa nayo. Ukiipa pete moja bei ya sarafu 25 za dhahabu, kundi linaingiza 200 kila mdondosho. Deraya kamili ya bamba ni 1,500, kwa hiyo wanainunua kwenye mdondosho wa nane, siku ya 72, bila kupigana na mtu. Na usithubutu kuruhusu pete zilizodondoka nazo zidondoshe: siku ya 27 watakuwa na pete 729. Hadithini ni ile ya kwanza tu inayozaa.

Kupunguza bei hakusaidii, watasubiri tu. Ondoa pete sokoni kabisa. Wakuu wa Kaskazini waligawa pete kwa wapiganaji wao ili kufunga utii, basi fuata hapo hapo. Pete ikitolewa zawadi, mpokeaji anadaiwa fadhila moja ndogo: malazi, habari, kuvushwa mto. Ikiuzwa, inageuka risasi kabla ya jua kuchomoza, na mnunuzi anakumbuka sura ya muuzaji. Zisizogawiwa hadi mdondosho unaofuata zinayeyuka, wasije wakalimbikiza. Mvaaji lazima afungamane nayo, mapumziko mafupi ya saa moja kama kawaida, na inakula nafasi moja kati ya tatu alizo nazo za kufungamana na vifaa.

Tyrfing: hadithini haukosi shabaha na hukata chuma kama nguo. Usiuandike hivyo. Upe +1, yaani asilimia 5 tu kwenye dadu ya pande 20, halafu pigo la kwanza baada ya kuchomolewa lirushwe dadu mbili na kuchukua kubwa. Kwa anayehitaji 11, nafasi inapanda kutoka asilimia 50 hadi 75. Hilo linaonekana mezani. Ukirudishwa alani bila kuua, mshikaji anapata madhara ya dadu tatu za pande sita, wastani 10.5. Mpiganaji wa ngazi ya 5 mwenye Ustahimilivu 14 ana uhai 44 hivi, kwa hiyo ni karibu robo. Anaumia, hafi.

KuhaniMkorofi
Hapo kwenye "bila kuua" kuna tundu kubwa. Wiki ijayo watakuja na tenga la kuku. Ukisema lazima awe kiumbe mwenye akili, wataanza kuchinja mateka, na meza itageuka ya kutisha bila wewe kupanga. Andika hivi: aliyeuawa awe na silaha mkononi na awe amepata zamu yake ya kupigana. Tundu limezibwa.

Pia laana usiifiche. Kwa kanuni za toleo la tano, uganga wa kutambua kifaa kwa kawaida hauonyeshi laana, na waendesha mchezo wengi wanaitumia kama mtego. Matokeo yake wachezaji wanaogopa kila kitu unachowapa baadaye. Sema bei mapema, na uandike kwenye kadi visanduku vitatu vya maovu matatu ambayo upanga uliapiziwa. Mchezaji akiviona vitupu, atajitia kishawishi mwenyewe.

PodoNaUta
Mmemwacha Liyongo kwenye mataa. Sindano si silaha ya kupora pangoni. Anza na adui asiyedhurika, sindano ije baadaye kama jibu. Lakini usimpe kinga kamili: wachezaji wakiona madhara sifuri raundi mbili mfululizo watadhani umekosea hesabu. Mpe nusu ya madhara kwa kila silaha.

Sindano yenyewe inadhuru pointi 1. Ikichomwa kitovuni akiwa amelala, na mtu anayemwamini, nusu ile inaondoka na uhai wake unashuka hadi robo. Hilo la "anayemwamini" ndilo kazi yote ya wachezaji. Sultani wa Pate hakutuma jeshi, alimrubuni mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Kundi lako litamrubuni nani, na kwa nini? Siri ya kitovu iweke kwenye dalili tatu mahali tofauti, maana moja wataipita na nyingine wataielewa vibaya.

Na akichomwa asife papo hapo. Liyongo aliamka, akachukua uta, akapiga goti karibu na kisima mshale ukiwa tayari, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji hata alipokwisha kufa. Mpe adui raundi moja kamili, kisha mwache ameganda: anayetaka kumsogelea ashinde hofu kwanza, ugumu 15 (yaani dadu ifike 15 au zaidi).

Ila kwa ngazi ya 5 ningeacha sindano nikachukua mkate wa wishwa wenye tupa ndani, ule aliopelekewa Liyongo kifungoni. Kifaa cha matumizi moja, nadra kidogo tu. Walinzi hula vyakula vizuri na kumwachia mfungwa wishwa, basi hawakagui. Tupa inakata pingu kwa dakika 10, lakini kila dakika isiyofunikwa na ngoma ya gungu nje, walinzi wanarusha dadu kusikia, ugumu 12. Mmoja anakata ndani, watatu wanapiga, kuimba na kupigiwa makelele na jirani. Wote wana kazi.

MezaYaPembeni
Mkate nimeuchukua. Gleipnir je? Naogopa watamfunga joka langu la mwisho raundi ya kwanza.

Dadu_Ishirini
Watamfunga kweli, tena ule uwezo wa joka kufaulu kwa lazima hautamsaidia, kwa sababu unahusu kurusha dadu kwa kujiokoa na shambulio au uchawi, na kujinasua ni jaribio la nguvu. Kwa hiyo bana kwenye kuvalisha. Fenrir alikwisha kukata minyororo miwili, akashuku utepe laini, akakubali kwa sharti la mkono wa mungu Tyr kinywani mwake. Sheria: utepe haushiki asiyekubali kuvalishwa, na hakubali bila dhamana. Mchezaji ataje dhamana kabla, achague mwenyewe. Usimlazimishe mkono, mpiga mishale akipoteza mkono mhusika amekwisha.

Ugumu wa kujinasua uanze 15, uongezeke 2 kila anaposhindwa, ukomee 25. Viungo ni sita: kishindo cha paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, kano za dubu, pumzi ya samaki, mate ya ndege. Wape vinne kwa mbilikimo mfua vyuma, viwili wavitafute. Ukiwaachia vyote sita, kampeni inageuka orodha ya sokoni.