Mjadala: Mitambo ya mbao ya Tyne Theatre ifanye kazi au ifungwe?

Mleta mada
Wakuu, hoja ni hii. Tyne Theatre ya Newcastle, Uingereza, ilifunguliwa 1867. Mwenye fedha alikuwa Joseph Cowen, mwanamageuzi ambaye baadaye alikuwa mbunge wa mji huo. Msanifu alikuwa William Parnell. Jukwaa lake lina mitambo ya mbao ya kuhamisha mandhari, yaani turubai zilizochorwa na mapambo ya jukwaani. Tangu 1919 hadi 1974 jengo lilikuwa sinema, na sinema ndiyo iliyoiokoa mitambo: skrini haina haja na kilicho nyuma yake, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kuing'oa. Tamthilia zilirudi 1977. Krismasi ya 1985 moto ukaunguza upande wa jukwaa, ukajengwa upya.
Je, mitambo hiyo iendeshwe mbele ya watazamaji, au ifungwe na jukwaa lifanywe la kisasa? Mimi nasema iendeshwe.

Kapi
Naunga mkono, maana mtambo wa namna hii ukiutazama umesimama huelewi kitu. Kiini chake ni mhimili mrefu wa mbao wenye gurudumu pana kama pipa. Kamba ya wavutaji (mafundi wanaouendesha kwa mikono) inazungushwa kwenye pipa, kamba za mzigo kwenye mhimili. Pipa likiwa na kipenyo mara nne ya mhimili, ukivuta meta 4 mzigo unapanda meta 1, na nguvu unayotoa ni robo ya uzito, ukiacha msuguano. Sasa utamu wenyewe: mhimili mmoja unaweza kuwa na sehemu nene na sehemu nyembamba. Zungusha mara moja tu, turubai la mawingu ya mbele linakwenda mbio na la nyuma linajivuta polepole. Hakuna injini, ni vipenyo tu.
Kinachoharibika ni kamba na mbao. Kamba ya katani ikipata unyevu hufupika, ikikauka hulegea, kwa hiyo turubai lililokuwa sawa asubuhi jioni limeinama upande. Lazima lisawazishwe kabla ya kila onyesho. Mbao nazo zinaonewa na hita za leo: hewa kavu inazifanya zisinyae, viungo vinacheza, mhimili unaanza kuyumba kwenye vikalio vyake. Mtambo usioguswa unaharibika vilevile, ila hapo hakuna anayegundua.

Tambarare
Kapi, umeeleza vizuri lakini umeruka sheria. Kanuni za Uingereza za vifaa vya kunyanyulia, za 1998, zinataka kifaa kinachobeba mtu kikaguliwe kila miezi 6, cha mzigo kila miezi 12. Tundu la sakafuni, lenye kibao kinachomrusha mwigizaji juu, ni kifaa cha kubeba mtu. Nani anasaini kwamba boriti ya msonobari itahimili?
Halafu mteremko. Majukwaa ya enzi ile yaliinamia watazamaji. Kipimo cha kawaida ni 1 kwa 24, yaani jukwaa la meta 12 kutoka mbele hadi nyuma linakupa tofauti ya kimo ya sentimeta 50. Vikundi vinavyozunguka leo huja na mandhari yaliyoundwa kwa sakafu bapa: milango inakaa kombo, kila chenye magurudumu kinateremka, wachezaji dansi wanaumwa migongo. Ukiweka sakafu ya bandia juu yake, mwisho wa mbele unanyanyuka na safu za kwanza hazioni miguu ya waigizaji.

Kapi
Sheria haikatazi, inataka ukaguzi. Vibao vya matundu vipande na magunia ya mchanga, watu wasipande. Mtazamaji ataona kila kitu.

Roshani
Mimi nauliza uasili wake. Baada ya moto wa 1985 sehemu kubwa ni kazi ya mafundi wa karne ya 20. Na jirani yake, Theatre Royal, mnamsifia uso wa 1837 (ulifunguliwa miezi minne kabla Victoria hajarithi kiti), kumbe ndani mote ni kazi ya Frank Matcham ya 1901, baada ya moto wa 1899. Hakuna aliyelalamika hapo. Majumba haya yaliungua na kubadilishwa tangu mwanzo.
Tena msitukuze kila kitu cha zamani. Roshani ya juu ilikuwa ya watu wa kipato cha chini: mlango wao kando, ngazi zao peke yao, mabenchi matupu. Katika ukumbi wa mji wa Exeter, Uingereza, Septemba 1887, moto wa jukwaani uliua watu 186, wengi wao wa roshani hiyo iliyokuwa na njia moja ya kutokea. Pazia la kinga dhidi ya moto na milango mingi kuwa lazima ni matunda ya vifo kama hivyo.

Mleta mada
Roshani, hoja ya Exeter ni ya kutokea watu, siyo ya mitambo. Ngazi zipanuliwe, viti viwe na egemeo, nafasi za viti vya magurudumu zitengwe chini. Hayo hayagusi mhimili hata mmoja. Kuhusu uasili: kilichojengwa upya kwa vipimo vile vile, kwa mbao na katani, kinafanya kazi ile ile. Cha kuzingatia ni kama kuna watu wanaojua kukivuta.

Tambarare
Ndipo ninapokubali nusu. Mji una majumba mawili makubwa ya enzi hizo. Maonyesho mazito yanayosafiri yaende Royal, Tyne ibaki na mteremko wake. Lakini bajeti ya mafunzo ya wavutaji ipangwe kabla ya bajeti ya rangi na dhahabu za darini.