Kamera mtego ya bei nafuu kwa shamba la kando ya hifadhi: nichukue ipi kati ya hizi tatu?

Mkulima_Mangula

Wakuu, habari za jioni. Natafuta kamera mtego, ile inayojipiga picha yenyewe mnyama akipita. Nina shamba Mang'ula, Morogoro, chini ya mlima: mpunga, muhogo na migomba kidogo. Mpaka wa Hifadhi ya Udzungwa hauko mbali. Msimu huu kuna mnyama anaingia usiku, anang'oa muhogo na kuvuruga majaruba. Jirani anasema ni nguruwe pori, mwingine anasema nungu, na mzee mmoja anashikilia kwamba ni tembo. Mvua inafuta nyayo kabla hapajapambazuka.

Nataka kujua ni nani na anapita wapi, ili nijue kama nilale kibandani, nichimbe mtaro, au niingie na wenzangu kwenye uzio wa mizinga ya nyuki wa kuzuia tembo. Bajeti ni laki tatu. Shemeji yangu yuko Marekani, anakuja likizo na anaweza kunibebea. Nimebakiza tatu:

1. Browning Strike Force, moja tu. Kule ni zaidi ya dola 100 kidogo.
2. GardePro A3S, mbili. Moja ni kama dola 50, bei inapanda na kushuka.
3. Kamera ya laini isiyo na jina, inauzwa mtandaoni hapa hapa. Tangazo linasema megapikseli 48, 4K, inatuma picha kwenye simu. Laki mbili na nusu.

Mimi nilikuwa naelekea namba 3. Nisaidieni.

Houston_Kwetu

Mkuu, pole sana na muhogo. Niko Texas, na nguruwe mwitu wa huku ni janga la wakulima kama hao wako. Jimbo lenyewe limekata tamaa ya kuwabana na vibali: tangu Septemba 2019 mwenye ardhi, au mtu aliyeruhusiwa naye, anawawinda bila leseni. Kwa hiyo kamera hizi tunazifunga shambani mwaka mzima, kwa kulungu msimu wao ukifika na kwa nguruwe wakati wote.

Neno la kwanza: sahau megapikseli. Ndani ya kamera za bei ndogo sensa (kihisi) ya picha ni ya megapikseli chache tu. Hizo 48 zinapatikana kwa programu kuivuta picha iwe kubwa. Faili linanenepa, memori kadi inajaa, na nguruwe hageuki kuwa wazi zaidi. Picha halisi ya megapikseli 4 inatosha kabisa kutofautisha nungu na nguruwe.

Uliza mambo mawili. Inashtuka kwa kasi gani mnyama akipita? Baada ya picha moja inachukua muda gani kuwa tayari tena? Kamera inayochelewa sekunde nzima itakupa mkia, au kichaka kitupu. Hapo Browning ni nzuri kweli. Inashtuka haraka na inarudi tayari chini ya sekunde moja, hivyo kundi likipita kwa mstari unawaona wote, siyo kiongozi peke yake. GardePro nayo haraka inayo, ila kurudi kwake si kwepesi kama kwa Browning.

Halafu mwanga wa usiku. Strike Force inatumia infraredi, mwanga wa kumulikia gizani, ambayo taa zake zinaonekana kama vidoa vyekundu ukiitazama moja kwa moja. A3S inatumia ya nanomita 940, jicho la mtu haliioni. Ile ya vidoa vyekundu kwa kawaida inamulika mbali zaidi. Ile isiyoonekana picha zake za usiku huwa na giza kidogo. Kama wezi ni tatizo kwenu, chukua isiyoonekana.

Jambo moja la joto ambalo matangazo hayasemi. Sensa ya kushtua haioni mnyama, inahisi tofauti ya joto kati ya mwili wake na mandhari ya nyuma, ikihama. Agosti hapa mchana unapita nyuzi 38, na kulungu anaweza kukatiza mbele ya kamera isishtuke, kwa sababu yeye na ukuta wa majani wana joto karibu sawa. Usiku inarudi akili. Wewe unawinda picha za usiku, kwa hiyo usihofu sana, lakini usije ukasema "mchana hakuna kitu" kwa sababu tu kamera ilikuwa kimya.

Mimi ningechukua namba 2. Mbili.

Laikipia_Mfugaji

Hamjambo wote. Naomba kutofautiana kidogo na ndugu wa Houston kuhusu kamera ya laini. Mimi nina mbuzi na kondoo. Nikiona picha ya fisi saa nane usiku kwenye simu, naamsha vijana waende bomani wakati huo huo. Picha ya kwenye kadi naisoma kesho yake nikihesabu mizoga. Kwa mfugaji, laini ni uhai.

Lakini hiyo namba 3 isiyo na jina siwezi kumshauri mtu anunue. Muulize muuzaji swali moja tu: inashika masafa gani ya 4G? Nyingi za bei rahisi zimetengenezwa kwa soko la Marekani au Ulaya, na nyingine zimefungwa kwa mtandao wa kampuni moja ya huko. Unaweka laini yako, inatafuta mtandao mpaka betri zinakufa. Muuzaji akishindwa kukujibu, rudi nyuma. Na hata shemeji asikubebee kamera ya laini kutoka Marekani, sababu ni hiyo hiyo.

Kuna faida nyingine ya kamera ambayo watu hawaisemi: ushahidi. Huku kwetu Kenya madai ya fidia yanaenda chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na afisa akija anataka kujua ni mnyama gani. Chui, fisi na mbwa wa kijiji wote wanaua mbuzi, lakini madai si sawa. Picha yenye tarehe na saa inakata mabishano. Weka saa ya kamera sawasawa siku ya kwanza.

FundiRedio_Moro

Mkuu wa Mang'ula, hesabu yako imesahau betri. A3S inakula betri 8 za AA, Browning 6. Ukinunua zile kavu za bei ya chini za dukani, volti zinaanza kushuka mapema, na kinachodhoofika kwanza ni taa za usiku. Utaona picha za mchana safi na za usiku nyeusi, udhani kamera mbovu. Na zikivuja maji yake humo ndani, kamera imekwisha.

Njia zipo tatu. Lithiamu za kutupa zinashika volti mpaka mwisho, lakini bei yake inauma. Za kuchaji za NiMH ni 1.2V badala ya 1.5V, kwa hiyo volti za jumla zinakuwa pungufu. Kamera nyingi zinafanya kazi nazo, ila alama ya betri itakudanganya kwamba ziko chini. Kwa mkulima hizi ndizo zinazolipa: nunua seti mbili na chaja, zungusha.

Ya tatu ni umeme wa nje. Angalia tundu lililo chini ya kamera, pembeni yake pameandikwa 6V au 12V. Ikiwa 12V, betri ya bodaboda iliyofungwa kwenye ndoo yenye mfuniko itaiendesha muda mrefu sana. Ikiwa 6V, usithubutu kuchomeka betri hiyo. Soma kwanza.

Memori kadi nunua ya GB 32, ya kampuni inayojulikana, na uiformati ndani ya kamera yenyewe. Kadi bandia zimejaa mjini.

Skauti_Mstaafu

Vijana wangu, mmezungumza vizuri, lakini mnazungumza vifaa tu. Mimi nimefunga kamera hizi nikiwa na watafiti, na ninachowaambia ni kwamba mahali ulipoifunga panashinda bei yake.

Kwenye utafiti wa Serengeti walitega kamera 225. Katika matukio milioni 1.2 ya picha yaliyokusanywa mpaka 2013, yenye mnyama yalikuwa kama 322,000. Sehemu kubwa ya mengine ilikuwa nyasi zikitikiswa na upepo kwenye jua. Hao walikuwa wataalamu. Sasa wewe ukifunga yako ikitazama migomba, majani yale yatajaza kadi yako kabla nguruwe hajafika.

Kwa hiyo fyeka mbele ya kamera hatua kama sita au saba. Itazamishe kaskazini au kusini, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni likiipiga usoni picha zinakuwa nyeupe. Funga kwenye mti usioyumba, urefu wa goti hadi paja kwa nguruwe na nungu, na uielekeze mshazari wa njia, siyo kuikata moja kwa moja. Mnyama anayekuja kuelekea kamera anabaki mbele yake muda mrefu zaidi. Huko huko Udzungwa, mwaka 2005, kamera zilizofungwa chini ndizo zilizompata yule sange mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi ilikuwa haimjui. Alitangazwa rasmi 2008. Mnyama wa gramu 700 hivi. Ingefungwa juu kifuani asingeonekana.

Tembo ni habari nyingine. Akiigundua ataing'oa. Kama unaona kinyesi au matawi yaliyovunjwa juu, panda na kamera juu kuliko mkono wako unavyofika, iangalie chini.

Tia ndani vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na kagua sisimizi, wanapenda kujenga humo. Shambani kwako funga utakavyo, ila usivuke mpaka wa hifadhi hata mita moja bila kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Na kama njia hiyo akina mama wanaitumia kwenda kuni au mtoni, mwambie mwenyekiti wa kitongoji kabla hujafunga. Picha ya mtu iliyopigwa bila yeye kujua inaleta ugomvi kuliko nguruwe.

Ukishampata, usimuue mwenyewe. Mpelekee picha afisa wanyamapori wa wilaya. Kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, kinaangalia aina ya mnyama, na tembo yumo, ndiyo maana nakwambia picha ni mali.

Mkulima_Mangula

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Namba 3 nimeifuta. Sasa kinachonisumbua ni hiki: Browning moja iliyo bora, au GardePro mbili? Shamba lina vijia viwili, kimoja kinatoka mlimani, kingine kinafuata mfereji.

Houston_Kwetu

Umeshajijibu kaka. Vijia viwili, kamera mbili. Browning ingenishinda kukataa kama ungekuwa na njia moja na kundi kubwa, lakini kwako swali la kwanza ni anaingilia wapi, na kamera moja inakujibu nusu tu. Mwambie shemeji azitoe kwenye maboksi na kuzijaribu kabla hajasafiri, kwa sababu kuirudisha kamera mbovu ukiwa Mang'ula haiwezekani. Abebe na lithiamu seti moja kwenye begi la mkononi, zikiwa kwenye pakiti yake.

FundiRedio_Moro

Dola 100 zikitoka, kwenye laki tatu yako kinabaki kidogo cha NiMH, chaja na kadi. Usikitumie kwenye kitu kingine. Na minyororo ya baiskeli yenye kufuli uangalie, inafaa kuzifungia mtini.

Skauti_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Ya mfereji ifunge chini, ya mlimani ifunge juu mpaka uwe na hakika kuhusu tembo. Usiende kuzikagua kila asubuhi. Harufu yako ikizoeleka pale, nguruwe atabadilisha njia. Acha wiki mbili, nenda mchana, badilisha kadi, ondoka. Picha ukizipata zilete hapa hapa tuzisome pamoja. Nguruwe pori na ngiri watu wanawachanganya, ila ngiri hutembea mchana, na wa kwako anakuja usiku.