Ushauri: pua yangu ijifunzeje manukato mazuri?

Pua_Changa: Wakuu, habari zenu. Nimetokea kuyapenda sana manukato, ila kila nikinusa naambulia jibu moja: nimependa au sijapenda. Wenzangu wanasikia waridi, ngozi, moshi; mimi nasikia harufu moja tu iliyoshikamana. Juzi nimenunua chupa iliyonikosha palepale dukani. Kufika jioni imegeuka utamu mzito unaonikaba, na niliiwekea akiba muda mrefu. Hivi pua inafundishika? Naombeni mwongozo.

Subira77: Pole sana ndugu. Chupa yako ni nzima, ila uliinunua kwa dakika 10 za mwanzo, sasa unaishi na saa zilizobaki. Vitu vyepesi kama limau na bergamoti (tunda la jamii ya limau) ndivyo vinavyotangulia, na huruka upesi. Maua hufuata. Sandali, vanila na miski hukaa chini kwa sababu haviruki haraka, ndiyo maana unavikuta kwenye nguo kesho yake. Siku nyingine jipulizie mkononi, utoke dukani, kisha nusa baada ya dakika 10, saa 1, saa 4, na kabla ya kulala. Harufu unazojaribu zisizidi tatu kwa siku, pua huchoka.

Mama Asumini: Inafundishika, mwanangu, nami nilianzia hapo hapo ulipo. Tafuta mafuta ya kitu kimoja kimoja: waridi, ubani, sandali, vetiva (mizizi ya nyasi yenye harufu). Tone moja kwenye kikaratasi, fumba macho, andika unachosikia. Vetiva nilikaa nayo siku tano. Siku ya kwanza niliandika "mizizi", basi. Ya tatu nikasikia udongo uliolowa, na kwa mbali moshi. Mpaka leo nikikutana nayo ndani ya manukato naijua kama sauti ya jirani. Ukishazoea, nusa Shalimar, manukato ya kampuni ya Kifaransa ya Guerlain, ya mwaka 1925: bergamoti juu, vanila chini, hata mgeni anaiona njia ilivyopita.

Kimya_Kimya: Naongezea. Usikimbilie majina ya wataalamu. Ukisikia "shuka lililoanikwa juani", andika hivyohivyo. Na kuna aina za miski ambazo baadhi ya watu hawazisikii kabisa, kwa hiyo usijilaumu mwenzako akisifia kitu usichokipata.

Pua_Changa: Asanteni mno. Nimerudi na mrejesho. Ile chupa nilikuwa najipulizia mara nne. Jana nimepuliza mara moja, nikaandika kila saa. Utamu upo, ila haukabi tena. Saa nne usiku nimenusa ukingo wa mkono wa shati, nikasikia kitu kikavu, laini, kama ubao uliotoka kupigwa randa. Mama, hiyo ndiyo sandali?

Mama Asumini: Sitakujibu mimi. Weka tone la sandali kwenye kikaratasi, ulinganishe na shati, kisha utuambie.